Ukifika Dar Utapanga Wapi?



Basi la Dar es Salaam linaondoka Songea alfajiri, na mara nyingi lina mmoja wetu ndani yake. Amemaliza chuo, amepata kazi, au anakwenda kuitafuta. Ni zaidi ya kilomita 900: Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, mpaka Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Muda wa kuwaza upo mwingi, na wengi wanawaza jambo hilohilo: nitapanga mtaa gani?

Hapa kwetu swali hili hatujalizoea. Wengi tunakaa pale baba au babu alipojenga. Wa Lizaboni ni wa Lizaboni, wa Mfaranyaki ni wa Mfaranyaki, na jirani unamkuta tu, kama unavyomkuta mjomba. Lakini Dar ni mji wa watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, karibu mara tatu ya mkoa wetu mzima wa Ruvuma. Huko unapewa uhuru ambao wazee wetu hawakuwa nao, wa kuchagua utaishi karibu na nani. Au niseme kweli: anapewa mwenye hela.

Kijana mmoja wa Bombambili ninayeimba naye kwaya aliniletea hesabu yake. Kwa kodi ileile angeweza kupata vyumba viwili Mbagala au kimoja Sinza. Yeye alitaka Sinza, "nikae na watu wanaojielewa." Nilimsikiliza vizuri tu mpaka hapo mwisho. Hao watu wanaojielewa ni akina nani? Na wa Mbagala hawajielewi kwa lipi?

Nitangulize jambo moja, maana wapo wanaopenda kumtwisha kijana dhambi kwa kila shilingi anayotumia: kuchagua mtaa si kosa. Dada anayetoka zamu ya usiku hospitalini ana haki ya kutafuta njia yenye taa. Anayefanya kazi Posta ana haki ya kukaa karibu na mwendokasi ili asimalize ujana wake kwenye foleni. Maji, choo, umeme, kodi ya miezi sita mkononi na dalali anayetaka ya mwezi mmoja juu yake, hayo yote ni ya kupimwa kwa akili, na akili ni zawadi ya Mungu. Wengine hata hiyo nafasi ya kupima hawana. Desemba 2011 mafuriko yalizoa nyumba katika bonde la Msimbazi, na serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kabisa na katikati ya mji. Wapo waliorudi bondeni. Ukisikia habari hiyo usikimbilie kusema ni wakaidi. Kazi zao na vibarua vyao vilikuwa huku mjini, na nauli ya kila siku inakula kuliko maji.

Kwa hiyo swali langu si kama tuchague. Ni kitu gani kinachochagua ndani yetu.

Dar yenyewe ina historia ya jambo hili. Wakati wa ukoloni mji ulipangwa kwa kanda: Wazungu upande wa Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala, na pale Mnazi Mmoja pakaachwa uwanja wazi kutenganisha. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Sheria hizo zilishakufa. Ila sikiliza vijana wanavyosema leo "ushuani" na "uswazi", na namna mtu anavyoshusha sauti akitaja anakokaa. Uwanja wazi bado tunaubeba vichwani, na safari hii hakuna gavana aliyetulazimisha.

Katika Mwanzo sura ya 13 kuna watu wawili wanaogawana mahali pa kuishi. Wachungaji wa Abrahamu na wa Loti wamegombana, na Abrahamu, aliye mkubwa na mwenye haki ya kuanza, anamwachia mdogo achague. Loti anainua macho, anaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, anahamia huko, karibu na Sodoma. Wahubiri wengi humlaumu kwa kutazama maji. Mimi simlaumu kwa hilo. Mwenye mifugo atazame nini? Ninachokiona ni kwamba Maandiko hayasemi aliuliza lolote kuhusu watu wa huko. Sisi ndio tunaouliza sana kuhusu watu, lakini tunauliza kama mnunuzi wa nyanya, anayebonyeza ili aache zilizolainika.

Sura ya 18 inanigusa zaidi. Abrahamu, ambaye hata haishi Sodoma, anausimamia mji ule mbele ya Mungu. Je, wakiwamo wenye haki hamsini? Arobaini na watano? Anashuka mpaka kumi. Na Mungu anakubali: kwa ajili ya kumi hatauangamiza. Watu kumi, jamani! Kwetu Tanzania namba hiyo tunaijua tangu enzi za mjumbe wa nyumba kumi.

Hapo ndipo ninapoona hekima ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Maaskofu wa AMECEA walipozifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, hawakusema tukusanyike na tunaolingana nao mishahara. Jumuiya inafuata ramani. Mwenye geti la umeme na mpangaji wa chumba kimoja wakiwa mtaa mmoja, ni jumuiya moja, na zamu ya kusali nyumbani inazunguka kote. Katika Luka 10 mwanasheria anauliza jirani yake ni nani, na Yesu anamrudishia: nani aliyekuwa jirani? Kwa Kiswahili chetu jirani ni yule wa ukuta kwa ukuta, anayesikia ukikohoa usiku. Ukianza kumchagua kabla hujamwona, umebaki na swali la mwanasheria.

Kijana wangu nilimwuliza, huko Sinza utasali jumuiya gani? Akasema Jumapili atakwenda Mtakatifu Yosefu mjini, misa ni nyingi, kwaya nzuri. Sawa. Lakini misa ya mjini haitajua kwamba ana homa siku ya tatu chumbani. Na siku atakapotaka kufunga ndoa, parokia itauliza jumuiya yake. Sikumwambia aende Mbagala. Sinza nako kuna watu kumi wa kutafutwa, pengine kwa shida zaidi, maana kuta ni ndefu.

Kwa mnaoondoka mwezi huu: chukueni barua ya utambulisho kwa jumuiya yenu kabla ya kupanda basi. Na ukienda kuona chumba, dalali akimaliza kukuonyesha masinki na vigae, mwache aende. Rudi jioni peke yako, nunua vitumbua kwa mama wa pale kona, umwulize jumuiya inasalia wapi. Hata kama yeye ni Mwislamu, mara nyingi anajua, na atakuambia pia ni nyumba ipi ina mgonjwa.