Wewe Uliyeshika Hewa ya Boila

Ndugu yangu uliye zamu mbele ya boila la makaa ya mawe, nina neno nawe. Mwenyezi Mungu alimpulizia Adamu pumzi, na pumzi hiyo haikukatiwa mipaka. Inayotoka kwenye dohani yako inaingia kifuani mwa mtoto usiyemjua. Itazame eMalahleni, Mpumalanga, Afrika Kusini, mji ambao hata jina lake ni mahali pa makaa. Mwaka 2007 serikali ililitangaza eneo lile kuwa la kushughulikiwa kwanza kwa uchafu wa hewa. Machi 2022, zaidi ya miaka 14 baadaye, Mahakama Kuu ya Pretoria ikatamka kwamba hewa ile inavunja haki ya kikatiba ya wakazi. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tangazo alikuwa amefika sekondari, bado anakohoa!

Ndugu zangu, katika uchafu huo zimo oksidi za naitrojeni, nazo tunazipika wenyewe. Naitrojeni imejaa hewani, imo na ndani ya makaa, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake, na ikiachwa haimdhuru mtu. Ni moto wetu unaoikutanisha na oksijeni. Kwenye makaa yaliyosagwa, sehemu kubwa ya sumu hutokana na naitrojeni ya makaa yenyewe. Iliyobaki huzaliwa na joto, nalo likivuka nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, huizalisha kwa kasi ya kutisha.

Najua kwa nini unaufungulia moto hewa kupita kiasi. Unaogopa. Unaogopa kaboni monoksidi, unaogopa majivu meusi, unaogopa simu ya msimamizi saa nane za usiku. Unaongeza kidogo, anayekupokea naye anaongeza kidogo, na mwisho wa mwezi tanuri linavuma kwa hewa isiyo na kazi ila kuzaa sumu na kubeba joto kwenda nalo juu ya dohani.

Ulishe moto kama anavyolishwa mtu aliyetoka kwenye njaa. Kidogo kwanza, pale kwenye vichomeo. Naitrojeni inayotoka kwenye makaa ikikosa oksijeni hujiunga yenyewe kwa yenyewe, ikatoka salama kama ilivyokuwa hewani. Hewa iliyobaki ipitishe juu ya vichomeo, moto ukiwa umekwisha kutoa sehemu ya joto lake kwa maji ya mabomba, umalizie kazi hapo. Vichomeo vilivyoundwa kwa njia hii, pamoja na hewa hiyo ya juu, vyaweza kuikata sumu karibu nusu.

Lakini usiunyime moto bila kipimo, maana mabomba ya ukutani yataliwa na kutu, na kaboni itabaki majivuni. Ziba nyufa! Hewa inayopenya baada ya tanuri hukidanganya kipimo: kinakusomea oksijeni asilimia 4 huku vichomeo vinakosa pumzi.

Nanyi wenye mitambo, msijifiche nyuma ya kijana wa zamu. Amonia ikipitishwa na moshi juu ya kichocheo huondoa hadi asilimia 90 ya oksidi hizi. Ni gharama, naam. Na mapafu ya watoto wa watu ni gharama ya nani?

Wewe wa zamu, usingoje hayo. Leo usiku chukua kioo cha buluu, fungua tundu la kuchungulia, tazama kichomeo kimoja kimoja, maana wastani wa ubaoni huficha kinacholemewa na makaa. Sugua majivu yaliyopoa kiganjani uone weusi wake. Kisha, ndani ya mipaka ya mtambo wako, punguza hewa kidogo, ngoja, tazama kaboni monoksidi, punguza tena. Ikianza kupanda, rudi hatua moja. Namba uliyoiacha iandike kwenye kitabu cha zamu kwa mwandiko unaosomeka, anayekupokea alfajiri asije akaifungulia hewa tena kwa woga.