Nyumba Zetu na Haki ya Jirani

Tumeulizwa na ndugu zetu wa darasa: mtu akijenga kwa mali yake ya halali, je, ana lawama kwa namna alivyojenga? Wengi hujibu kwa haraka kuwa mali ni yake na kiwanja ni chake, basi yamekwisha. Sisi hatuoni kuwa yamekwisha.

Tazama mji wa Lamu. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za kadiri ya futi moja na nusu, na dari za boriti za mikoko. Boriti haikuvuka futi 9 hivi, ndipo vyumba vikawa vyembamba na virefu. Kiwanda cha ndani kilipandisha hewa ya joto juu, na njia nyembamba zikazifanya nyumba zitiane kivuli. Ubaridi wa nyumba zao haukumdhuru mtu.

Leo twajenga kuta nyembamba za matofali ya saruji, twaezeka mabati bila ya dari, kisha twanunua mashine ya kutia baridi. Mashine hiyo haiui joto. Hulitoa chumbani ikalitupa nje, pamoja na joto la kazi yake yenyewe. Na katika vichochoro vyetu, hiyo nje ni dirisha la jirani, ambaye pengine hana hata feni. Haki ya jirani twaisoma vitabuni, kisha twaikanyaga kwa kutojua kujenga. Saruji nayo huchomwa kwa moto wa kadiri ya digrii 1,450. Chokaa hutosheka na 900 hivi, na ikauka ukutani huivuta tena sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka tanuuni.

Wala sisi hatujitoi katika lawama. Chuo chetu kilipochakaa tulipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa zamani, tukajiona tumewafanyia watoto ihsani. Masika mawili hayakupita, ukuta ukarowa na plasta ikabanduka vipande vipande. Fundi mmoja mzee akatwambia: "Masheikh, ukuta wa chokaa hupumua. Nyinyi mumeuziba pua." Fedha zile zilikuwa sadaka za watu. Hatuwezi kudai udhuru wa ujinga, maana fundi yule akiswali nasi safu moja na hatukumuuliza.

Hatusemi kila la kale lirejeshwe. (Yuko mwenzetu asemaye hivyo kila Ijumaa, naye hulala chini ya feni mbili.) Tanuu za chokaa zilikula kuni nyingi, na mikoko ilikatwa hata Serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuiuza ng'ambo mwaka 1982. Litakiwalo ni elimu: jiwe lipi lafaa, kivuli kiwe wapi, upepo wa kusi na wa kaskazi uingilie wapi. Imam Ghazali katika Ihya amezitia hata kazi za ukulima na ushonaji katika faradhi za kutosheleza, ambazo wakikosekana wenye kuzijua, mji mzima una dhambi. Iweje ujenzi?

Fundi yule umri umekwenda, na wanafunzi alio nao ni wawili tu. Kila Alhamisi baada ya Alasiri hukaa barazani mwa chuo chetu. Mwenye nia ya kujenga na aje, kabla hajanunua saruji.