Mnunuzi Asiyeweza Kuona

Atakaye kununua ng'ombe humfunua kinywa akatazama meno. Atakaye kununua kitambaa hukivuta kwa vidole vyake. Na anunuaye samaki humfunua shavu ili aone kama lingali jekundu. Katika biashara hizi mnunuzi anao walinzi wake mwenyewe, yaani macho, pua na mikono. Dawa haina walinzi hao. Kidonge cha kweli na kidonge cha chokaa vyaweza kufanana rangi, umbo, hata uchungu. Aingiaye katika duka la dawa huuziwa mbuzi kwenye gunia, na hana uwezo wa kulifungua gunia lenyewe. Basi yafaa tuulize: mwuzaji ana wajibu gani kwa mnunuzi asiyeweza kuona?

Wako wasemao kuwa wajibu wake ni kuitii sheria, basi. Sheria ni jambo jema. Hapa Kenya Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, ilianza kutumika mwaka 1957, na kwa sheria hiyo kuna bodi ya kusajili dawa na kukagua maduka. Lakini mara nyingi sheria huja nyuma ya msiba. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani iliyeyusha dawa ya salfa katika kimiminika kitamu ambacho ni sumu, ikaiuza bila ya kuijaribu kwanza. Watu zaidi ya 100 walikufa, watoto wengi wakiwamo. Sheria ya siku zile haikumlazimisha mtu kuthibitisha usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Kosa lililoweza kushitakiwa lilikuwa la jina tu: dawa iliitwa eliksa, neno la dawa yenye alkoholi, nayo haikuwa na alkoholi. Vifo havikuvunja sheria. Jina ndilo lililoivunja! Sheria kali ilitungwa mwaka uliofuata. Hata hivyo, mwaka 2022 sumu za jamii ile ile zilikutwa katika dawa za kikohozi nchini Gambia, na watoto wapatao 70 walikufa.

Tena mkaguzi hawezi kulala dukani. Tufikiri mwuzaji wa Garissa ambaye jokofu lake limeharibika kwa juma zima. Ndani mna insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, ambayo akiba yake yapasa kuwekwa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto huipunguza nguvu polepole, na chupa hubaki safi kama ilivyokuwa. Akiiuza, hakuna atakayejua. Mgonjwa akizidiwa, watu watasema ni kisukari chake. Akiitupa, hasara ni yake peke yake, na hakuna atakayemshukuru. Hapo ndipo uaminifu wa kweli unapopimwa, wala si mbele ya mkaguzi.

Walakini jokofu si mtihani mkubwa kuliko yote, kwa kuwa kila mtu anajua jibu lililo sawa. Mtihani mgumu ni wa mama aliyekuja na cheti cha daktari cha kununua dawa ya kuua vijidudu, naye ana fedha za nusu yake tu. Anaomba auziwe hiyo nusu. Nilipoliweka swali hili mbele ya darasa langu, wengi walisema auziwe, maana nusu ya shibe ni bora kuliko njaa. Nikawaambia kuwa dawa si ugali. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Alitoa mfano wa mtu ajinunuliaye penisilini, akaitumia pungufu, akavifundisha vijidudu kuistahimili. Kisha akamwambukiza mkewe, na penisilini isimponye mke, akafa. Mke huyo hakuwapo dukani. Hakuulizwa.

Kwa hiyo mimi nasema nusu isiuzwe kama kwamba ni dawa kamili. Lakini simsifu mwuzaji atikisaye kichwa na kumgeukia mteja mwingine. Kumnyima mtu na kumwacha mlangoni ni ukatili, hata kama sababu yake ni nzuri. Ana wajibu wa kumweleza mama kwa lugha anayoielewa kwa nini nusu haifai. Kumtafutia dawa ile ile ya kiwanda kingine iliyo ya bei nafuu, ikiwa imesajiliwa. Kumpa sehemu ya dozi leo ikiwa wamepatana kuwa nyingine ataichukua kesho kabla ya ile ya kwanza kwisha. Au kumwelekeza kwenye zahanati ya serikali. Mambo haya huchukua dakika kumi za mtu mwenye foleni ya wateja, wala hayamwingizii hata senti. Na duka la jirani, labda, litamwuzia mama nusu bila ya swali lolote.