Kipawa Kina Wadai Wengi

Yako maswali ambayo watu hawayaulizi sana, kwa sababu jibu lake ladhaniwa kuwa wazi. Mojawapo ni hili: mtu aliyejaliwa kipawa, je, imempasa kuwapa watu kila wanachomwomba? Wengi watajibu upesi kwamba ndiyo, maana mchoyo hapendwi popote. Sisi twaona kuwa swali hili lataka kufikiriwa polepole. Na ili tusiseme maneno matupu, na tutazame kazi ya watu ambao maisha yao huliweka wazi mbele ya macho yetu, yaani wapiga fidla wa ule muziki wa Ulaya ulioachwa na akina Bach, Beethoven na Brahms.

Katika Ulaya na Marekani, msimu wa muziki huo huanza mwezi wa Septemba au Oktoba, ukaendelea hata Mei au Juni; kisha miezi ya joto nayo ina matamasha yake. Mpiga fidla mwenye jina aweza kupiga Jumatatu katika mji mmoja na Jumatano katika nchi nyingine. Asubuhi yumo safarini, sanduku la fidla mkononi, kwa kuwa hathubutu kuliacha pamoja na mizigo. Mchana afanya mazoezi na okestra ambayo pengine hajapata kuiona. Usiku asimama mbele ya watu. Kesho yake, kabla ya kuondoka, wanafunzi wa mji ule wamngoja awasikilize na kuwasahihisha. Na huko nyumbani wako watoto ambao huliona jina lake ukutani mara nyingi kuliko wanavyomwona yeye mezani.

Mtu aweza kusema: si kitu, maadamu anaijua kazi yake. Lakini fidla si chombo cha kujuliwa mara moja. Ina nyuzi nne tu, na shingo yake haina alama yo yote ya kumwonyesha mpigaji pa kuweka kidole. Kidole kikikosea kwa upana wa unywele, sauti huharibika, na mwenye sikio atajua. Kwa hiyo mkono hauna budi kufundishwa kila siku, mahali pasipo na mtu wa kusikiliza wala wa kupiga makofi. Kinachosikika jukwaani kwa nusu saa kimelipiwa faraghani kwa miezi mingi. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe: saa zile za faragha ndizo za kwanza kuibwa wakati watu wanapozidi kumwalika.

Tuchukue mfano wa Yehudi Menuhin, aliyezaliwa New York mwaka 1916. Alikuwa bado mtoto alipostaajabiwa na dunia; mwaka 1929, kabla hajatimiza miaka 13, alipiga Berlin tungo tatu kubwa za fidla na okestra katika usiku mmoja. Mwaka 1935, akiwa na miaka 19, aliizunguka dunia na kupiga mara zaidi ya 100. Ilipokuja vita kuu ya pili, aliwapigia askari wa mataifa yaliyopigana na Ujerumani zaidi ya mara 500. Mwezi wa Julai 1945 alikwenda Bergen-Belsen pamoja na Benjamin Britten aliyepiga piano, wakawapigia watu waliookoka katika kambi ile ya mauti. Nani atakayesema kwamba siku ile ilimpasa kubaki nyumbani akifanya mazoezi? Ziko siku ambazo mtu hutoa bila kuhesabu, na anayehesabu siku hizo amekosa utu.

Hata hivyo miaka ile ilimdai. Mkono uliokuwa umepiga tangu utotoni bila kujiuliza wapigaje, ulianza kumkatalia. Menuhin akalazimika, hali ni mtu mzima mwenye sifa duniani kote, kuanza tena kujifunza namna ya kusimama, kupumua na kushika upinde. Mwaka 1952 alikutana huko India na B. K. S. Iyengar, mwalimu wa yoga, akakubali kuwa mwanafunzi wake. Na ndoa yake ya kwanza, aliyoifunga mwaka 1938, ilivunjika mwaka 1947. Sababu za nyumba kuvunjika huwa nyingi, wala si kazi yetu kumhukumu mtu. Lakini yeyote aliyewahi kuishi na mtu wa safari ajua kwamba kiti kitupu nacho husema.

Twajifunza nini hapa? Kwanza, kwamba kipawa kina wadai wengi, na wenye sauti kubwa si lazima wawe ndio wenye haki zaidi. Wasikilizaji wadai, nao hudai kwa makofi na kwa fedha. Wanafunzi wadai, nao hudai kwa haya. Jamaa wa nyumbani wadai, na mara nyingi hawasemi neno. Kazi yenyewe yadai pia: yataka saa zake za kimya, na asipozipata, mwenye kipawa atawagawia watu kitu ambacho yeye mwenyewe hana tena. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Twadhani si kila mgema hulitia maji kwa kiburi; yuko anayelitia kwa sababu wanywaji wamekuwa wengi naye haoni haya kusema uongo kuliko kusema kwamba tembo limekwisha.

Pili, kwamba kufundisha si makombo ya kazi. Usiku wa muziki hupita, na kesho yake ukumbi hufagiwa. Mwaka 1963 Menuhin alianzisha Uingereza shule ya watoto wenye kipawa cha muziki, nayo yaendelea hata leo. Mwaka 1977 alisaidia kuanzisha shirika la kuwapeleka wanamuziki vijana kuwapigia watu walio hospitalini, magerezani na katika nyumba za wazee. Alifariki mwaka 1999 akiwa Berlin, alikokwenda kuongoza okestra. Usiku ule wa Berlin wa 1929 haupo tena ila katika habari. Lakini wako watu waliofunzwa katika shule yake, nao sasa wawafunza wengine.

Tatu, na hili latuhusu sisi tusiopiga fidla. Kila tarafa ina watu wake wa namna hii: mwalimu wa kwaya anayetakiwa katika kila arusi, mkunga anayegongewa mlango kila usiku, mwalimu ambaye kila kamati yataka awe katibu. Twamwita, naye aja. Twamsifu kuwa hachoki, naye aona aibu kuchoka. Tukimwona amekonda twasema kazi ni nyingi, kana kwamba kazi hiyo ilijileta yenyewe. Mara nyingi tumemletea sisi. Mtu wa namna hii huonywa asijiue kwa kazi, wala hakuna anayetuonya sisi tunaomwita. Kama kutoa kuna kiasi, basi na kuomba kuna kiasi chake.

Basi, jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Mwenye kipawa imempasa kutoa, na siku ya dhiki atoe bila kupima. Lakini dhiki isigeuzwe kuwa desturi ya mwaka mzima. Ana haki ya kusema leo siji, bila kuitwa mwenye maringo. Naye anao wajibu wa kuitumia siku hiyo kwa kujifunza, kwa wanafunzi wake, na kwa wale wanaomngoja mezani. Nasi tunaomwalika, kabla ya kutuma mjumbe, tuulize kwanza: jana alikuwa wapi, na ni nani aliyemkosa nyumbani?