Alama Ndogo, Wito Mkubwa

Matokeo ya kidato cha sita yatokapo, nyumba nyingi hujaa huzuni. Kijana aliyetamani udaktari amepata alama hafifu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na chuo kikuu kimemkataa. Baba aanza kutafuta mtu wa kumhonga. Mama alia kwamba Mungu amemtupa mwanawe.

La, sivyo. Mt. Yohane Maria Vianney alishindwa mitihani ya seminari, Kilatini kikimlemea. Hakununua nafasi, alijifunza tena, akapewa upadre mwaka 1815, na makundi ya watu yakaenda Ars kuungama kwake.

Nchini Tanzania njia ingaliko: stashahada ya utabibu, ya miaka mitatu, ambayo hutazama ufaulu wa kidato cha nne. Aifauluye vema aweza kuomba tena udaktari, akiwa amekwisha kuwahudumia wagonjwa.

Lakini rushwa, hasha! Kipimo kile kiliwekwa kwa ajili ya mgonjwa. Anayekiruka kwa hila avunja si amri ya saba tu, bali aikaribia ya tano: Usiue.

Basi, kijana, rudi kitabuni kwa unyofu. Mt. Luka, mganga, akuombee.