Wokovu Haudondoki Kama Shilingi
Mama mmoja aliniuliza pale Wote: "Mchungaji, niliokoka nikarudi nyuma. Wokovu wangu umepotea?" Kitui nako naulizwa hivyo, hasa baada ya krusedi (kuna wanaookoka kila krusedi!).

Siwadanganyi, wapendwa. Mtu anaweza kuuacha wokovu. Katika Wakolosai 4:14 Dema yuko na Paulo; kufika 2 Timotheo 4:10 ameshaipenda dunia, ameenda zake. Lakini alitoka mwenyewe. Hakunyang'anywa, maana Yohana 10:28 hairuhusu.

Sasa wewe mama, Mto Kaiti ukikauka, sisi huchimba mchangani mpaka maji yaonekane. Hatusomi kwamba Dema alilia. Wewe unalia. Hapo pana unyevu, chimba! Jumatano njoo tuombe pamoja.