Uso ni wa Nani?

Waswahili husema uso umeumbwa na haya: mkitazamana, kumnyima mwenzio ni kazi ngumu. Basi kombora likiubomoa uso huo, mtu amepotewa na nini hasa? Nyama na mifupa, au nafasi yake mbele za watu?

Swali hili lilimkabili Varaztad Kazanjian huko Ufaransa mwaka 1915. Alikuwa Muarmenia wa Erzincan, katika himaya ya Waosmani, aliyehamia Marekani mwaka 1895 akiwa na miaka 16. Alifanya kazi katika kiwanda cha waya mjini Worcester, akasoma kwa shida, na mwaka 1905 akahitimu udaktari wa meno Harvard.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikwenda kuwahudumia askari wa Uingereza, kwa ahadi ya miezi mitatu tu. Akabaki hadi 1919. Kwenye mahandaki, kichwa ndicho kilichochungulia, na ndicho kilichopigwa. Askari waliletwa kambini Camiers wakiwa na mataya yaliyosagika, hawawezi kutafuna wala kusema. Kazanjian aliunga mifupa kwa waya, akategemeza mashavu kwa vifaa vya mpira mgumu alivyovibuni, ndipo akashona nyama. Majeruhi zaidi ya 3,000 walipita mikononi mwake.

Mwaka uleule wa 1915, Waarmenia wa Erzincan walikuwa wakifukuzwa makwao na kuuawa. Yeye alikuwa akirudisha nyuso za wageni.

Mwanafalsafa Emmanuel Levinas, ambaye baba na ndugu zake waliuawa na Wanazi, alifundisha kwamba uso wa mwenzio ndio unaokukataza kuua. Hapo anakutana na wahenga wetu. Ila amri hiyo humfikia anayekubali kutazama. Huko Sidcup, Uingereza, palipokuwa na hospitali ya majeruhi wa uso wa vita hivyo, mabenchi kadhaa ya barabarani yalipakwa rangi ya buluu ili wapita njia wajihadhari na sura ya aliyeketi hapo. Tabibu alirudisha taya. Mtaa ukaendelea kumnyima mtu salamu.

Kazanjian alirudi darasani akiwa mtu mzima, akapata shahada ya udaktari wa tiba mwaka 1921, na mwaka 1941 akawa profesa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile Harvard. Kazi yake ilifika pale mkono wa mpasuaji unapoweza kufika. Iliyobaki ni yetu. Msomaji, ukikutana na mwenye uvimbe wa taya au mdomo sungura, usigeuze shingo. Mtazame usoni, umsalimie.